Mutoto Ambaye Hatukuonyeshwa

Mimi ni mutu wa maneno mingi, avenyu yote inajua. Asubui saa kumi na mbili niko tayari mbele ya nyumba na karai yangu ya mafuta, ninakaanga mandazi, na mwenye kupita bila kunisalimia nitamutafutia jina kabla hajafika ku kona. Bwana yangu, Mungu amulaze, alikuwa anasema mudomo yangu haina mulango. Sasa huu mudomo, siku moja tu watu waliponiuliza neno, ulifunga. Ndiyo sababu ninaeleza habari ya Mama Bruce. Kuna wengine wangeieleza vizuri kunipita, lakini wao hawalali nayo kila siku, basi mutaniacha mimi nieleze.

Jina yake ya ubatizo ni Sylvie. Pengine padri ndiye mutu wa mwisho kuitumia. Kwetu mwanamuke akizaa, jina ile ya utoto inawekwa kando, anaitwa kwa mutoto wa kwanza. Mimi ni Bernadette, lakini ita Bernadette hapa barabarani, sitageuka. Mimi ni Mama Prince. Yeye alikuwa na mutoto mumoja tu, Bruce. Basi alikuwa Mama Bruce ku bomba ya maji, Mama Bruce ku kanisa, Mama Bruce ku soko.

Wao ni watu wa Mahagi, Wakatolika wale wa kufunga Ijumaa kweli kweli. Bwana yake Louis alikuwa dereva, anabeba samaki kutoka ku ziwa mpaka Bunia. Siye tulikuja kutoka Butembo, sasa ni miaka kumi na nane, tukajenga uso kwa uso na wao. Siku tulipofika, hata magodoro haijashuka ku gari, Mama Bruce alivuka barabara, akanishika mukono, akasema, "Njoo nikuonyeshe." Akanizungusha nyumba zote. Kila mulango alisema maneno yale yale: "Nimewaletea mugeni."

Hiyo ndiyo desturi ya avenyu yetu. Mugeni akifika, hata awe mutoto wa ndugu yako, hata amekuja kwa siku mbili, kesho yake unamupeleka nyumba kwa nyumba. Watu wanatoa kiti, wanatoa maji, wanamuuliza njia ilikuwaje. Ni dakika tano tu. Ukimaliza nyumba kumi, yeye si mugeni tena. Mbwa ikimubwekea, mutu atapiga kelele, "Acha, huyo ni wa kwa Mama Prince!" Lakini yule asiyeonyeshwa, siye hatumujui. Hata akae mwezi, tunamupita tu. Si chuki. Siwezi kusema ninakujua kama mwenye kukuleta hakunishikisha mukono wako.

Bruce wakati ule alikuwa na miaka tisa, na alikuwa mwizi. Ninasema wazi, mwizi wa mandazi! Nilikuwa ninageuka kuchukua unga, nikigeuka tena zimepunguka mbili. Siku moja aliingiza mukono haraka haraka, mafuta ikamurukia hapa, juu ya kiwiko. Alilia mpaka nikalia naye. Nilimupaka dawa ya meno, nikamubeba mugongoni kumurudishia mama yake, na Mama Bruce, badala ya kunigombeza, alicheka akasema, "Sasa umemutia alama, Mama Prince, hatapotea." Ile alama ilibaki, duara ndogo nyeusi. Muikumbuke.

Alipofika miaka kumi na sita, masomo ilimushinda, akaenda kwa mujomba wake ngambo ya Uganda, Paidha, kujifunza kutengeneza moto, zile pikipiki. Kwa watu wa Mahagi hii si kusafiri. Wao kwa wao luga ni moja, mupaka ulipita katikati ya jamaa, shangazi alibaki huku na binamu alibaki kule. Mama Bruce alisema, "Ni mwaka mumoja." Ikawa kumi na moja. Alikuwa anapiga simu Siku ya Mungu kisha misa, na mama yake alisimama pale ku uwanja wa parokia, kidole mu sikio lingine, akipiga kelele, "Unakula? Ninasema, unakula?" Sisi tulikuwa tunamucheka.

Louis alikufa ku barabara ya Mahagi. Gari yao ilipigwa risasi asubui, mahali pa muteremuko, na samaki yote ikabaki pale ku jua. Walimuleta Bunia amefunikwa turubai. Mama Bruce hakulia sana. Aliketi ku matanga siku tatu na neno moja tu ku midomo: "Ile wiki vijana wageni walionekana mu kijiji pale, Mama Prince. Watu waliwaona. Hakuna aliyewauliza, hakuna aliyewaandika." Nilimwambia alale. Yeye akanirudilia, "Kama mutu mumoja tu angeandika."

Kisha askari wakashika mukoa. Gavana askari, meya askari, na amri ikashuka mpaka kwetu chini: kila nyumba kumi zichague mutu wa kuandika. Aandike wenyeji, aandike wageni, na juu ya mugeni aandike nani anamujua. Watu wakamutazama Mama Bruce kwa sababu mwandiko yake ni muzuri, ndiye aliyeandika mambo ya shirika ku kanisa. Sisi tulifikiri atakataa. Alinunua daftari ya kava ya bluu siku ile ile.

Nitasema neno hapa na munisamehe, mimi si mwanasiasa, ninakaanga mandazi. Wale askari walioletwa kutulinda wanatoka mbali, wanasema Lingala, hawajui nani ni nani hapa. Karte ya kura ndiyo karatasi yetu peke yake, na nusu ya watu walikimbia vita wakaiacha mu nyumba. Sasa inchi itajuaje watu wake? Inauliza jirani. Kwetu mutu ni Mukongomani kama jirani amekubali. Na siye wenyewe tulikuwa na hiyo tabia zamani. Mimi niko Bunia miaka kumi na nane, nimezika bwana yangu hapa, lakini nikigombana ku soko wananiambia, "Rudia kwenu Butembo!" Serikali haikubuni kitu. Ilichukua lile swali letu, huyu ni wa nani, ikalitia bunduki mukononi.

Mugeni wa kwanza mu daftari ya bluu alikuwa wangu. Héritier, mutoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikimbia kwao upande wa Beni na shati moja. Kesho yake nilimuzungusha nyumba kumi kama inavyotakiwa. Nyumba ya Mama Bruce nilimufikisha na mandazi ya moto mu sahani. Alimukalisha ku kiti yake ya wageni, ile ya mbao yenye kitambaa alichoshona mwenyewe, maua mekundu, ndege mbili. Akamupa maji. Akamuuliza njia ilikuwaje, mutoto akaeleza, hata akalia kidogo. Tulipotoka, Mama Bruce alifungua daftari, akaandika: jina, alipotoka, mwenye kumujua.

Siku ya tatu askari walikuja kumuchukua. Kijana mupya, kutoka upande ule wenye waasi, basi wakataka kumuuliza. Walimuuliza siku munane. Alirudi amekonda, anakohoa, hataki kukaa mu chumba yenye mulango imefungwa. Akaniambia, "Mama mudogo, mimi hapa sitaweza." Akaenda Epulu, akapata kazi kule, na mpaka leo hajarudi kunisalimu.

Nilivuka barabara. Nilimwambia Mama Bruce maneno ambayo sitayarudilia hapa kwa sababu watoto wanasikiliza. Yeye alisimama tu, akanijibu polepole, "Niliandika kweli tupu, Mama Prince. Niliandika na jina yako, ya kwamba unamujua." Kumbe alifikiri amemusaidia! Alifikiri daftari ni kanzu ya kumufunika. Mimi sikutaka kuelewa, nilitaka kukasirika, na nilikasirika miaka miwili.

Tangu siku ile watu wakaruka nyumba yake. Mugeni akija, tunamuzungusha milango tisa, ya kumi tunaipita kama nyumba ya ugonjwa. Mbele yake tulisema Mama Bruce, nyuma yake tulisema Mama Daftari. Akifika ku bomba ya maji, habari inakatika, mutu anaanza kusema juu ya mvua. Yeye alijua. Mutu anajua. Kila Siku ya Posho, ile Jumamosi, alifua kile kitambaa, akakianika, akakirudisha ku kiti, na kiti ikabaki pale karibu ya mulango ikimungoja mutu. Mimi niliiona kila siku kwa sababu mulango wetu inatazamana.

Asubui alikuja kununua mandazi mbili. Alikuwa anapenda kusimama, aongee kidogo, aulize Prince anaendeleaje na masomo kule Kisangani. Nami nilimwambia, "Songa nyuma, Mama Bruce, mafuta inaruka." Mafuta haikuwa inaruka. Siku nilipopatwa na malaria, nilifungua mulango nikakuta sufuria ya fufu na sombe, ingali moto, imefunikwa vizuri. Hakubisha. Niliitambua sufuria, nikakula, nikaiosha, nikairudisha ku kizingiti yake, mimi pia bila kubisha. Wanawake wawili, barabara ya hatua kumi na mbili!

Basi mwaka huu, siku ya Pili ya wiki, mu mwezi wa tano, nikaona sahani mbili zimeanikwa ku chanja yake. Mutu mumoja, sahani mbili. Kesho yake dirisha yake ya mbele ilikuwa imefungwa na jua kali vile. Siku ya tatu nikaona shati ya mwanaume kwa ndani, ku kamba. Mimi macho yangu haina kazi ingine. Nilijua iko mugeni, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi. Nilimwita Muzee Kasereka, jirani yangu wa kushoto, muuza mbao, naye ni mutu wa Butembo. Nikamwambia, "Muzee, mwenye daftari naye anaficha mutu." Akatikisa kichwa, "Acha tumuone." Tulicheka wote wawili.

Alikuwa Bruce. Mujomba wake alikufa, watoto wa mujomba wakagawana atelie yake ya kutengenezea pikipiki, wakamwambia arudie kwao. Alirudi na mufuko moja na simu. Karte hakuwa nayo, kwa sababu mara zote mbili walipoandikisha watu huku, yeye alikuwa kule. Haya nimejua kisha. Mama yake alitaka kwanza kutuma mutu Mahagi akamuletee karatasi ya ubatizo, ndipo amutoe nje. Mu daftari iko sehemu mbili tu, wenyeji wenye karte na wageni. Aliniambia, "Nikimuandika mwenyeji, nimedanganya inchi. Nikimuandika mugeni, nimemukana." Basi hakuandika kitu. Ukurasa ya nyumba yake ikabaki na mutu mumoja.

Lakini siku ile aliponieleza, mambo yamekwisha kupita, nilimuuliza, "Na sisi? Kwa nini hukumuzungusha kwetu?" Alitazama mikono yake. "Nilifika mpaka ku mulango wako siku ya kwanza, Mama Prince, ungali unawasha moto. Nikarudi. Nilijiuliza, nani atanipa kiti?"

Siku ya Tano, ile Ijumaa, mangaribi ninakaanga ya jioni, karai imejaa. Saa kumi na mbili firimbi inalia ku biro ya kartiye, ya mutaa wetu, bendera inashuka. Kama hujui Kongo, nitakuambia: firimbi ikilia, kila kitu inasimama. Pikipiki inazima, mwanamuke na ndoo yake ku kichwa anasimama, mutoto anayekimbia anasimama na muguu moja juu. Mimi pia ninasimama. Mandazi yangu ngapi imeungua kwa ajili ya hii inchi, sitajua hesabu! Hakuna anayetufundisha, miguu inajua. Na mutu ambaye miguu yake haijui, askari anamuona toka mbali.

Barabara yote imesimama, na mutu mumoja anatembea. Alikuwa ametoka ku lango ya Mama Bruce, kichwa chini, mikono mu mifuko, labda alichoka kufungiwa siku ine, alitaka tu kunyoosha mugongo. Miaka kumi na moja ilikuwa imesahaulisha miguu yake.

"Telema!" askari akapiga kelele.

Akasimama, lakini amechelewa. Walikuja askari wawili, na nyuma yao Shefu Antoine, mukubwa wa avenyu yetu, anatembea haraka akifunga kifungo ya koti. Askari akamuuliza kwa Lingala, "Yo nani?" Kijana hakusikia vizuri, akajibu kwa Kiswahili chenye harufu ya Uganda, anasema anaomba samahani, alisahau. Karte? Haina. Unatoka wapi? Akanyoosha mukono kuonyesha nyumba. "Kwa mama."

Mama Bruce alitoka mbio, kichwa wazi, muguu moja ina sapato na ingine haina. "Ni mutoto wangu! Shefu, ni Bruce, ni mutoto wangu!"

Sitamusema Antoine vibaya, alijaribu. Alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mama Bruce, iko mu daftari?" Mama akaenda kuileta. Antoine akafungua ukurasa ya nyumba yake mbele ya wale askari. Mutu mumoja. Akaifunga polepole. Akasema, "Sheria unaijua kunipita, Mama. Watu wawili wa nyumba kumi waseme wanamujua huyu, basi, maneno iishe hapa hapa, kijana arudi akakule." Akageuka kwetu. Tulikuwa watu kama kumi na tano, tumesimama bado kama vile bendera haijafika chini.

Muzee Kasereka ndiye alikuwa karibu. Akatazama viatu vyake. "Siye hatukuonyeshwa," akasema.

Ilikuwa kweli. Kila mutu akaishika ile kweli, ilikuwa inafaa mukononi. "Hatukuonyeshwa." "Kweli, hakuna aliyetuletea." Niliona shingo ya Mama Bruce inazunguka kutoka uso huu mpaka uso ule, mpaka ikanifikia mimi. Hakuomba. Alisema tu, "Mama Prince."

Nilimujua! Musifikiri sikumujua. Alikuwa na uso wa Louis, ile pengo ya meno ya mbele, na mukono alioinua kumuonyesha askari nyumba ulikuwa bado juu kidogo, na pale juu ya kiwiko niliona duara nyeusi ya mafuta yangu mwenyewe. Aliniangalia. Akataka hata kutabasamu, kama mutoto anayesubiri kugombezwa kwa mandazi. Na mimi nikamuona Héritier, siku munane, kikohozi kile. Nikasikia mudomo yangu inasema:

"Mimi sikuletewa mugeni."

Wakamuchukua. Nilipogeuka, karai ilikuwa inatoa moshi mweusi.

Posho asubui Mama Bruce alienda kwa askari na blanketi, hawakuipokea. Alirudi nayo, akaingia, hakufua kitambaa. Siku ya Mungu alienda misa ya kwanza peke yake. Na kisha misa nilimuona anatoka mu nyumba amevaa kitenge, ile liputa yake ya sikukuu, amejifunga kilemba vizuri, daftari chini ya kwapa, na mukononi ameshika picha ya Bruce mu fremu, ile ya komunyo ya kwanza, shati nyeupe na mushumaa. Akaenda mulango wa kwanza, kwa Muzee Kasereka. Akabisha. Barabara ilikuwa kimya, nilisikia kila neno.

"Nimewaletea mugeni. Jina yake Bruce. Nimechelewa kumuleta."

Kasereka ni mugumu, mutu wa mbao. Alisimama pale mu mulango na nilifikiri ataufunga. Kisha akaingia, akatoa kiti moja. Akaingia tena, akatoa ya pili. Mama Bruce akaketi ku moja, akaweka picha ku ingine. Bibi ya Kasereka akaleta maji, glasi mbili. Yule muzee akainama mbele ya picha ya mutoto. Akauliza, "Njia ilikuwaje?"

"Ndefu," Mama Bruce akajibu.

Akafungua daftari, akamupa kalamu. Kisha mulango wa pili. Kisha wa tatu. Mimi niliketi mbele ya nyumba yangu bila moto, bila unga, ninatazama. Wangu ndio ulikuwa wa mwisho. Ningeweza kwenda kumukuta, haikuwa mbali. Niliketi tu.

Alipofika nilikuwa nimekwisha kuweka viti viwili. Alikaa. Aliweka picha. "Mama Prince," akasema, "huyu ni Bruce."

"Ninamujua."

"Tangu lini?"

Hakuwa ananipiga. Aliuliza kama muandishi, kalamu iko tayari, kwa sababu sehemu ya mwenye kumujua ilitaka kujazwa vizuri. Nikasema, "Tangu miaka tisa. Iko na alama yangu ku mukono." Akaandika hivyo, kwa ule mwandiko wake muzuri, kisha akanipa nitie sahihi. Nilitia. Nililia juu ya karatasi mpaka akaivuta, akaikausha na ncha ya liputa yake, akasema, "Utaharibu, Mama Prince. Kesho wanataka kuisoma."

Kesho yake, Siku ya Kwanza, tulienda pamoja, mimi na yeye, pikipiki moja, dereva mbele, yeye katikati na daftari ku kifua. Askari aliyetupokea alikuwa mupole, kijana wa heshima. Alisoma majina yote tisa na kidole. Akasema, "Iko sawa, Mama. Iko kamili kabisa. Hata wawili ingetosha." Kisha akatazama karatasi ingine ku meza. Wale wasiokuwa na karte na wasiokuwa na wa kuwajua walipandishwa gari Siku ya Mungu asubui, wakarudishwa ku mupaka. Bruce alikuwa wa ine mu ile karatasi.

Siku ya Mungu asubui. Yaani wakati mama yake anatoka misa, gari ilikuwa tayari njiani. Mama Bruce hakupiga kelele. Alimushukuru yule askari! Akamushukuru kwa heshima, akachukua daftari yake, tukatoka. Ku ile pikipiki, kurudi, mugongo wake ulikuwa unanigusa kifua na nilisikia hautikisiki hata kidogo. Ningependa ungetikisika.

Simu ililia kisha wiki tatu. Alikuja kusimama mbele ya karai yangu, akafungua sauti ili na mimi nisikie; sijui kama ilikuwa wema ao azabu. Bruce iko Paidha, anafanya kazi kwa mutu. Mama akamwambia karatasi ya ubatizo imefika, majina tisa iko, arudi. Kisha yule kijana akasema, "Mama, huku miaka kumi na moja wananiita Mukongomani. Nilikuwa ninafurahi kuitwa vile. Wacha nibaki na ile jina hapa, huku angalau wananiita." Akauliza kama mama yake anakula. Akasema simu inakatika.

Hajapiga tena. Siku ya Mungu mama yake anasimama ku uwanja wa parokia, simu mukononi, mpaka mulinzi afunge lango.

Daftari aliirudisha kwa Antoine, ikapewa mutu mwingine. Watu wameanza tena kumuletea wageni wao, milango kumi kama zamani, anawakalisha ku kiti yenye ndege mbili, anawapa maji. Tunafanya hivyo tukijua ni bure. Na asubui anavuka barabara, anataka mandazi mbili, siku hizi simuambii asonge nyuma. Ninataka kumusalimia kama miaka yote kumi na nane. Ninafungua mudomo, ninasema, "Umeamukaje, Mama..." na ile jina inayofuata inagoma kutoka. Niliita jina ya yule mutoto kila siku, miaka kumi na moja hayuko, mbele ya avenyu yote, mara ngapi kwa siku. Kisha niliulizwa kama ninamujua.

Yeye anasimama pale na sahani yake. Hanisaidii, hakasiriki. Anangoja nimalize.